Mikono Inayokufa Ijumaa

Leo asubuhi niliinama chini ya meza ya vitunguu, katika duka moja la barabara ya Chaussée de Wavre, hapa Brussels, nikaanza kuokota maganda. Mwenye duka, kijana wa Bukavu anayeuza pondu, majani ya muhogo, na samaki wakavu, akanitazama kwa huruma.

"Papa, vitunguu viko huku juu."

"Vitunguu ninavyo. Nataka maganda."

"Maganda? Ni dawa?"

"Ni ya mayai."

Akamtazama mteja aliyekuwa nyuma yangu, mteja akamtazama yeye, wakaelewana kwamba mzee ameanza kuchoka kichwani. Hata hivyo alinijazia mfuko mzima na akakataa malipo. "Bon, papa, chukua. Utanisafishia duka."

Nyumbani niliyatandaza maganda kwenye kitako cha sufuria, nikapanga mayai juu yake, nikatia maji, mafuta kidogo na kijiko cha kahawa, kisha nikawasha moto mdogo kabisa. Mayai haya hayana haraka. Hukaa motoni mpaka ganda lake liwe rangi ya mti wa mkangazi na ndani yake pawe na rangi ya chai ya maziwa. Harufu ilipoanza kutoka, harufu nzito, tamu kidogo, kama ya udongo uliopata mvua na mtu akakaanga kitunguu juu yake, ilibidi niketi. Nilikuwa tena mtoto asiye na meno ya mbele, nimesimama kwenye ngazi za nyumba yetu ya Ixelles, moyo ukinidunda, kwa sababu ni Ijumaa na jua linazama.

Ninyi mliozeeka pamoja nami mnakumbuka kwamba wakati ule mtaa huu wa Waafrika, Matonge, haukuwa bado Matonge. Hapakuwa na saluni za kusuka wala vitenge madirishani. Mwafrika akipita, watoto walisimamisha mpira wao wamtazame. Sisi tulikaa chumba cha juu kabisa, mimi na mama yangu, Veronika. Baba alikuwa akisomea mambo ya reli katika mji mwingine na tulimwona Jumapili. Mama alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Aliondoka kabla sijaamka vizuri na kurudi mchana, vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni.

Siku ya kwanza kabisa katika nyumba ile nililia kwenye ngazi kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mama alikuwa ameinua mkono anichape huku akinigombeza kwa Kiswahili chetu cha Katanga, mara mlango wa ghorofa ya chini yetu ukafunguka. Akatokea mwanamke wa Kizungu, mfupi, pini tele mdomoni kama nungu. Akazitoa moja moja, akasema:

"Weye mama, usimupige mutoto. Ni baridi njo inamuliza."

Mkono wa mama ulibaki hewani. Kisha aliketi pale pale kwenye ngazi na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na sikujua wakati ule kwamba mengine hayakuwa ya kucheka.

Huyo alikuwa Maman Estera. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes waliokwenda Katanga kuuza vitambaa, naye alizaliwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akajifunza Kiswahili sokoni na uani kabla ya kujua Kifaransa. Alinisikia nikilia kwa lugha ya kwao. Mimi aliniita ijiko, neno la Kihispania cha wazazi wake la kumwita mtoto wa kiume kwa upendo, na mama yangu alimwita "mwenzangu" tangu siku ile mpaka mmoja wao alipomzika mwingine.

Alikuwa na mume, Tonton Nissim, na watoto wawili: Rebeka, aliyenipita umri kidogo na hakuniacha nisahau, na mtoto mchanga Alegra. Tonton Nissim alikuwa na duka la vitambaa kule Elisabethville, nalo lilipotea katika vurugu za Katanga, wakahamia hapa. Tangu hapo alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa tai, akiangalia barabara kama mtu anayengoja wateja. Hakuwa mkali wala mlevi. Alikaa tu. Kwa hiyo aliyefanya kazi ni Maman Estera. Alishona magauni ya harusi ya duka moja karibu na Avenue Louise. Msichana wa dukani alileta vitambaa vimekwisha kukatwa na kuondoka na kazi iliyokwisha. Bado ninamwona: mguu wa kulia umekanyaga cherehani, mguu wa kushoto unasukuma susu ya Alegra, mdomoni pini, na kwa pembe ya mdomo iliyobaki wazi anamsahihisha Rebeka hesabu zake.

Mimi nilikuwa wa nyumba hiyo kuanzia kutoka shuleni. Nilikula hapo, nikachapwa hapo, nikafunzwa hapo kushika sumaku na kuokota pini sakafuni. Lakini siku niliyoipenda kuliko zote ni Ijumaa.

Ijumaa nyumba ile iligeuka kituo cha treni. Kila kitu kilipaswa kumalizika kabla ya jua kuzama, na Brussels wakati wa baridi jua ni mfanyakazi mvivu: huchelewa kufika na huwahi kuondoka. Maman Estera alishona mpaka dakika ya mwisho, kisha akaruka. Nyama chunguni! Mchele! Mayai! Rebeka, nywele za mtoto! Ijiko, angalia jua liko wapi! Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilipanda mbio hadi chumbani kwetu juu, nikatoa kichwa kwenye kidirisha cha paa na kupiga kelele kwa ngazi nzima kusikia: "Limefika kwenye bomba la moshi!" "Limegusa paa la muokaji!" Kutoka chini alijibu: "Guay! Uliambie lingoje!" Nami, kwa jinsi nilivyomheshimu, nililiambia.

Kisha, ghafla, kimya. Cherehani linafunikwa kwa kitambaa cheupe kilichotariziwa. Mishumaa miwili inawashwa. Maman Estera anapunga mikono juu ya ndimi za moto kama anayeuita moshi wa chakula, halafu anafunika macho.

Mara ya kwanza nilipoona hivyo, nilikimbia kujificha. Mtu mzima amefunika macho, ananong'ona kitu kama anahesabu, watoto wamesimama kimya: ni mchezo gani mwingine? Nilijibana nyuma ya koti la Tonton Nissim na kungoja kutafutwa. Nilingoja sana. Niliposikia vijiko vinagonga sahani nikatoka, nimekasirika.

"Mbona hamnitafuti?"

Rebeka alicheka akapaliwa. Alipopata pumzi alinieleza kama mwalimu: "Ni Shabat, weye. Maman anaomba. Sasa mikono yake haifanye kazi tena mpaka kesho jua izame. Hapana kushona, hapana kuwasha moto, hapana kuandika. Haiwezi."

Haiwezi. Nililichukua jambo hilo kama lilivyo. Nilikuwa nimewahi kulalia mkono wangu ukafa ganzi, najua mkono unavyokufa. Basi mikono ya Maman Estera, nilijieleza, hufa kila Ijumaa jioni kwa uchovu, na kufufuka kesho yake. Niliona inabeba mtoto na kukata mkate, hilo halikunisumbua. Imekufa kwa kazi tu, si kwa mapenzi. Ukiona ilivyokimbia wiki nzima, hata wewe ungeona ni haki ife kidogo.

Jumamosi zilinithibitishia. Mama alikuwa akinituma chini niwatazame. Maman Estera alikuwa amekaa sebuleni, mikono mapajani, jua limekwenda nyuma ya mawingu.

"Iko giza humu, eh, ijiko?"

"Ndiyo, maman. Giza kabisa."

Akatazama taa, akanitazama.

"Muntu akiingia hapa anaweza kujikwaa."

"Ni kweli, maman. Mimi karibu nijikwae."

Nikaaga kwa adabu na kuondoka. Ni mama aliyenirudisha kwa kunishika sikio: "Mupumbafu weye! Hawezi kukutuma leo. Anakuambia giza ili akili yako ifanye kazi. Washa taa!" Kuanzia hapo nikawa mwasha taa wa Jumamosi, na mtu asiyeweza kugusa swichi bila msaada wangu, kwa akili yangu, alikuwa mgonjwa dhahiri.

Majira yale ya baridi kulikuwa na neno moja nyumbani: kiti. Mwanamke aliyeongoza washonaji dukani kwa Madame, mwenye lile duka la magauni, alikuwa anaacha kazi, na kiti chake kingebaki wazi. Maman Estera alikizungumza akimenya viazi, akimwogesha Alegra, akipiga pasi.

"Nikipata ile kiti, Veronika, kazi itabaki kule. Nitafunga mulango yake na kurudi hapa niwe mama tu. Saa hii kazi inalalaka mu kitanda yangu. Batoto banakula na mugongo yangu, hawaone uso."

Rebeka alisikiliza kuliko sisi sote. Alikuwa ameacha kuomba mama yake amsukie nywele. Alisuka mwenyewe, vibaya, na kusema anapenda hivyo.

Basi ikafika Ijumaa moja. Gauni lilikuwa limekwisha, limefungwa kwenye shuka, limetundikwa nyuma ya mlango likimngoja msichana wa dukani. Maman Estera ameshafunika macho mbele ya mishumaa. Kengele ya chini ikalia. Nililitwaa gauni, nikashuka mbio, nikafungua, na badala ya msichana nikaona Madame mwenyewe: mrefu, koti lenye manyoya shingoni, pua nyekundu kwa baridi.

"Madame Estera yupo? Nataka kuzungumza naye habari za kile kiti. Kesho asubuhi aje dukani, kuna mabibi harusi."

Nilijiona nimepewa cheo. Nikanyoosha mgongo na kumjibu kwa Kifaransa changu chote.

"Huwezi kumwona, Madame. Mikono yake imekufa."

"Imekufa?"

"Ndiyo. Ijumaa jua likizama inakufa. Hawezi kushika sindano. Hata taa nawasha mimi."

"Mungu wangu. Tangu lini?"

"Tangu zamani. Hata mama yake alikuwa hivyo."

"Na hupona?"

"Kesho jioni inafufuka yenyewe," nikamwambia kumtuliza. "Hamna haja ya daktari."

Madame alilichukua gauni kwangu kama anayepokea mtoto kutoka nyumba yenye surua, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi barabarani. Mimi nilipanda na kutangaza kwamba gauni limechukuliwa kwa shukrani; habari za kiti sikuzitaja, maana mgonjwa hasumbuliwi. Nilipewa yai la pili.

Wiki ile vitambaa havikuja. Jumatatu Maman Estera alipangusa cherehani. Jumanne alilitia mafuta. Jumatano alisafisha droo ya nyuzi, akapanga rangi kwa rangi, na Tonton Nissim akageuka kutoka dirishani kumwangalia, jambo ambalo hakulizoea. Alhamisi jioni msichana wa dukani alikuja, mikono mitupu, kuchukua nyuzi za hariri zilizobaki.

"Madame anakupa pole sana," alisema bila kuingia ndani. "Anasema ugonjwa wa mikono ni mbaya, hasa wa kurithi. Kesho mchana atampa kiti mtu mwingine."

"Ugonjwa gani?"

"Wa mikono kufa, Madame Estera."

Sijui Rebeka alijuaje, lakini aligeuza kichwa polepole na kuniangalia. Kisha mama yangu akaniangalia. Kisha Tonton Nissim. Hata Alegra, naapa, aliacha kunyonya kidole.

"Mimi nilimwambia tu ukweli," nilisema. "Mikono ya maman inakufa. Rebeka alisema."

"Miye?" Rebeka akapaza sauti. "Nilisema haifanye kazi!"

"Sasa si ndiyo kufa?"

Nilifunga macho kungoja kofi. Badala yake nilisikia sauti kama ya birika linalochemka. Maman Estera alikuwa ameshika ubavu, anacheka, anajaribu kujizuia, anashindwa. "Inafufuka? Ulimuambia inafufuka? Veronika, sikia mutoto wako, amenifanya Lazaro!" Alicheka mpaka akaketi. Halafu, bila kupumzika katikati, uso ukabadilika, na aliposema tena sauti ilikuwa ndogo.

"Kesho mchana. Na kesho ni Ijumaa."

Mama yangu akavua aproni. "Kesho nikitoka hospitali tunaenda. Weye, miye, na huyu shahidi."

Kesho yake mama alirudi akikimbia, harufu ya sabuni bado mikononi. Nyama ilikuwa mbichi mezani, mayai kwenye kapu, hakuna kilichoanza kupikwa. Maman Estera alivaa kofia yake ya sikukuu, akamweka Alegra mapajani kwa Tonton Nissim kama anayeweka mfuko kwenye benchi.

"Nissim, mutoto."

"Na chungu?" Tonton Nissim akauliza.

"Chungu itaniona nikirudi."

Tulipanda tramu, mimi katikati yao, nimeshikwa mikono yote miwili nisije nikasema kitu. Nilitazama jua kwenye vioo vya madirisha, linaruka nyumba hadi nyumba pamoja nasi. Nililiambia lingoje. Safari hii nililiomba.

Duka lilikuwa jeupe kila mahali. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha kushonea, wasichana wameinamia hariri, na mbele yao, karibu na dirisha kubwa, kiti. Kilikuwa cha mbao, na mto mwekundu uliochakaa. Nilishangaa. Nilidhani ni kiti cha kifalme.

Madame alipotuona alirudi nyuma ya meza yake. Maman Estera aliinua mikono miwili, akaigeuza mbele na nyuma kama mtu anayeonyesha samaki wake ni wabichi, akachukua sindano iliyokuwa mezani, akatunga uzi kwa mara moja, akavuta gauni lililo karibu na kuanza kushona vile vitanzi vidogo vya kufungia vifungo mgongoni. Wasichana waliacha kazi kumwangalia. Vitanzi vilitoka kimoja baada ya kingine, sawasawa kama mbegu za boga.

"Mikono yangu haijafa, Madame. Ni ya Myahudi tu. Ijumaa jua likizama inapumzika, mpaka Jumamosi jioni. Huyu mtoto ni jirani yetu. Ananipenda, akaona napumzika, akadhani ni ugonjwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniona nimepumzika."

Madame alinitazama. Niliangalia viatu. Nikasikia anacheka puani, kicheko kifupi, na roho yangu ikapanda hadi dari. Lakini aliacha kucheka.

"Nimefurahi. Kweli nimefurahi. Ila Jumamosi ndiyo siku ya mabibi harusi, Madame Estera. Wanakuja na mama zao, na shangazi zao. Kiti hiki hakiwezi kuwa kitupu Jumamosi."

Wasichana wakainamisha vichwa. Maman Estera aliukata uzi kwa meno, akaichomeka sindano mahali pake.

"Siku nyingine zote nakupa, Madame. Jumamosi si yangu kuitoa."

Alianza kufunga vifungo vya koti lake. Hicho ndicho nisichoweza kukisahau: jinsi vidole vile, vilivyoshona vitanzi vyote bila kukosea, vilivyokosa sasa tundu la kifungo chake mwenyewe. Mara ya kwanza, mara ya pili. Nilijua wakati ule, bila mtu kunieleza, kwamba nilikuwa nimekosea tangu mwanzo. Mikono ile ilikuwa inamilikiwa na watu wengi mno, na siku ile moja ilikuwa yake.

Mama yangu akanong'ona kitu. Akakohoa. Akasema tena, kwa Kifaransa kilichokuwa kinachechemea:

"Jumamosi si yake. Lakini ni yangu."

"Wewe ni nani?" Madame akauliza.

"Jirani. Mama wa shahidi."

"Unajua kushona?"

Mama akapiga hatua mbele. Masista wa Elisabethville walimfundisha kutarizi vitambaa vya altare akiwa msichana, na jioni nyingi sana nilikuwa nimelala mapajani kwake akimsaidia mwenzake kumaliza mapindo. Alifuta mikono kwenye sketi, akapiga magoti kwenye sakafu ile nyeupe, akachukua pindo la gauni. Niliona vidole vyake vilivyokunjamana kwa sabuni. Alishona kipande kifupi, akasimama. Madame alikipeleka dirishani kwenye mwanga, akakigeuza, akavaa miwani, akakigeuza tena. Alikuwa anatafuta mishono upande wa nje. Haikuwapo.

"Wanawake wawili kwenye kiti kimoja?"

"Hatutakikalia siku moja, Madame," Maman Estera akasema, na wale wasichana wakacheka wote kwa pamoja.

"Na wewe," Madame akamgeukia mama, "Jumamosi mtoto wako atakaa na nani?"

Maman Estera alijibu kabla yake.

"Na mimi. Jumamosi nina mikono miwili isiyo na kazi."

Madame alitazama kiti, akatazama pindo. "Tutajaribu," alisema. "Mwezi mmoja."

Nilipiga kelele. Mama alinifinya, lakini nilimwona naye anauma midomo. Na hapo Maman Estera akatazama dirisha na kushika kofia. "Guay! Jua!"

Sijakimbia hivyo tena maishani. Tramu ilisimama mbele ya lori la makaa lililokwama, tukashuka, tukaikamata Chaussée kwa miguu, kofia ya Maman Estera mkononi, viatu vya mama mkononi, mimi mbele nikitangaza: "Liko kwenye kanisa! Liko kwenye kanisa bado!" Watu walijibana ukutani kutupisha. Muuza magazeti akauliza moto uko wapi. Wale wanawake wawili walikuwa wanacheka na kukimbia na kugombana kwa Kiswahili nani atapika nini, na hakuna aliyekuwa na wakati wa kupika chochote.

Tulipofungua mlango wa chini harufu ikatupokea. Udongo, utamu, kitunguu.

Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Tonton Nissim alikuwa jikoni, mikono ya shati imekunjwa, tai imetupwa begani, Alegra amefungwa mgongoni kwake kwa shuka kama alivyowaona akina mama wa Elisabethville wakifanya, fundo baya lakini limeshika. Chungu kilikuwa kinachemka. Hakuwa ameona kifuniko kilipo, akafunika kwa trei ya chai.

Maman Estera aliinua trei. Akachungulia. Akachungulia tena.

"Nissim. Vitunguu viko wapi?"

"Nilivitupa."

"Ulivitupa?"

"Si maganda njo munatumiaka? Kila Ijumaa naona maganda."

Nyama, mchele, mayai, vyote vilikuwa vinaogelea kwenye maganda. Mama yangu alitoka kwenda kucheka kwenye ngazi. Rebeka alikuwa ameshapanga mishumaa. Maman Estera aliitazama ile kazi yote, akamtazama mumewe, akapangusa unga shavuni kwake kwa kidole gumba. "Imeiva vizuri," alisema. Ulikuwa uongo kwa nyama. Kwa mayai ulikuwa ukweli.

Jua lilikuwa bado kwenye bomba la moshi alipowasha. Alipunga mikono, akafunika macho, na safari hii sikukimbia. Nilisimama karibu kabisa. Kati ya vidole viwili pakafunguka upenyo mdogo, na jicho moja likanikonyeza.

Ule mwezi mmoja ulikuwa miaka. Maman Estera alikalia kiti Jumatatu mpaka Ijumaa mchana, mama akakichukua Ijumaa jioni na Jumamosi, na mwishowe akaacha mashuka ya hospitali. Rebeka alisukwa nywele zake na mama yake. Tonton Nissim hakupata duka lingine, lakini chungu cha Ijumaa kikawa chake, na alijifunza kitunguu kina sehemu mbili.

Mimi niliyaona haya yote kwa macho yangu, nikayasimulia vizuri kwenye harusi yangu, watu wakacheka. Niliyemwoa alikuwa akiwatunza wazee kule Laeken, akiwaogesha na kuwageuza kitandani mchana kutwa, na aliporudi nyumbani alinikuta nimekaa. Si kwamba sikujua. Nilijua kuliko wanaume wengi. Nilitafuta kiti karibu na dirisha nikakikalia, na sikuwa nimepoteza duka lolote. Ameshatangulia, na sina wa kumpangusia unga shavuni. Hilo ni langu, sitalipamba.

Lakini binti yetu ni muuguzi, na wiki iliyopita alinipigia simu. Wamempangia kazi za Jumamosi, na mwanawe hana pa kukaa. Aliuliza kwa woga, kama mtu anayeomba mkopo: "Papa, utaweza kweli?" Nikajikuta nimesimama, simu sikioni, moyo unadunda kama wa yule mtoto wa kwenye ngazi. Nikamwambia: mwanangu, Jumamosi nina mikono miwili isiyo na kazi.

Leo ni Ijumaa; watafika kabla ya giza. Mayai yameanza kubadilika rangi na madirisha yote yameshika mvuke. Kifuniko cha sufuria kipo kabatini, ninajua kilipo. Nimefunika kwa trei ya chai.